Mvua ya Mwanza Iulize Saa, Usiiulize Mwezi

Mgeni akitoka Dar es Salaam, swali lake la kwanza halibadiliki: masika ya huku yanaanza lini? Namjibu Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba, kama kwao. Jibu ni sahihi, ila halimsaidii kitu.

Sisi tunaokaa hapa tunaangalia ziwa. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu wake, upepo wa pande zote unakutana huko katikati, unapaa na kuzaa mawingu ya radi. Mengi husukumwa magharibi. Bukoba wanapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, sisi kama nusu yake tu (wasijisifu sana na ndizi zao). Yanayobaki hutufikia alfajiri au asubuhi, watoto wakiwa wanavaa sare.

Juni hadi Agosti ni vumbi na kibaridi cha asubuhi, sina la kuongeza.

Shida iko kwa dagaa. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanafika mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia samaki) kunapokucha, wanaanikwa mapema ili wapate jua la kutosha. Yaani wanatandazwa saa ile ile ambayo mvua ya ziwani hupenda kuja. Wakinyeshewa, wanaishia kuwa chakula cha kuku, na bei inakuwa ya kuku pia.

Ndiyo maana utabiri ninaousikia redioni unanikera: "mvua inatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa." Kanda ya Ziwa ipi? Bukoba, Musoma na Mwanza zimetiwa kapu moja, wakati mawingu yenyewe hayajawahi kuzitendea sawa. Na saa ngapi? Mvua ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa kumi jioni kwa mwanika dagaa si mvua moja.

Kuna mama mmoja Igombe nanunua kwake. Nilimuuliza anajuaje siku ya kutoanika. Akanionyesha kwa kidevu upande wa maji: "Nikiamka usiku kwenda haja, nikaona kule kunamulika, sitandazi mpaka saa tatu. Redio yangu nasikilizia taarabu."