"Mimi Mteja Wangu Namsoma Usoni"

Nimemsikia tena mshauri nasaha mwenzangu akijigamba kwamba madodoso ya kupima hali ya mteja ni kazi ya makarani. Yeye mteja akiingia tu, anamsoma usoni. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akaongeza kwamba fomu zinaua uhusiano. Nilinyamaza kwa adabu. Hapa sinyamazi.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa timu aliyokuwamo mwanasaikolojia Michael Lambert. Washauri 48, wenye leseni na wanaosomea, waliombwa kutabiri ni wateja gani kati ya 550 wangeishia na hali mbaya kuliko walivyokuja. Wakataja 3. Waliozidiwa kweli walikuwa 40. Na katika wale 3 waliotajwa, ni mmoja tu aliyekuwamo. Huo ndio usomaji wa uso. Hesabu zilizofanywa kwa majibu ya wateja wenyewe kwenye dodoso ziliwanasa wengi wao.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi ni watu wa tiba ya utambuzi, ile inayomfundisha mtu kuyahoji mawazo yake. Kutwa tunawauliza wateja: ushahidi wa wazo hilo uko wapi? Tunawapa karatasi za kunakili mawazo, tunawatuma nyumbani wakayajaribu. Halafu wazo letu sisi, "huyu anaendelea vizuri," linapita bila kuulizwa swali hata moja! Ushahidi wake ni nini? Ametabasamu. Amesema "afadhali." Jamani, wateja wana heshima zao. Mtu aliyekueleza aibu zake zote hatakutazama machoni akuambie kwamba vikao vyako havimsaidii. Kwenye karatasi, ndiyo, atakuambia.

Aaron Beck, mwasisi wa tiba hii, alitoa dodoso lake la sonona mwaka 1961, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa hiyo tusijifanye kupima ni mtindo ulioingia juzi.

Lakini kupima bila kusoma ni unafiki vilevile. Ziko ofisi ambako PHQ-9, dodoso la sonona ambalo alama zikipanda hali ni mbaya zaidi, inajazwa, inapigwa mhuri, inalala kabatini. Jumla ya alama peke yake inadanganya: nimeona jumla ikishuka vizuri huku swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, likipanda. Angalia kila jibu, tena mbele ya mteja, mwanzoni mwa kikao. Mwoneshe mchoro wa wiki zilizopita. "Hapa ulipanda, kulitokea nini?" Mara nyingi kikao chote kinazaliwa hapo. Na mstari ukigoma kushuka, usimwite mteja mkaidi. Kagua kazi za nyumbani: zilieleweka, au zilikuwa mlima? Lengo ni lake au ni lako? Ramani ya tatizo mliyoichora pamoja bado ni ya kweli? Peleka kesi kwa msimamizi wako. Pengine mteja anahitaji pia daktari.

Haya, nakubali: mtu anaweza kujaza akiwa na haraka, na alama mbili kwenye PHQ-9 zinaweza kuwa mtikisiko wa kipimo tu, wengi hungoja tofauti ya alama 5 ndipo waite mabadiliko. Na kuna maumivu yasiyoingia kwenye kisanduku chochote. Mwulize hayo kwa mdomo, nani kakukataza?

Ama kuhusu "sina muda": maswali ni 9. Ukikosa dakika tatu ndani ya kikao cha dakika 50, hebu nieleze zile kumi za mwanzo huwa mnazungumzia nini.