Wanafunzi wa Udaktari wa Kimaori na Mzigo wa Kuwasemea Wenzao

Mwaka 1889, wakati wa likizo, vijana watatu wa shule ya Te Aute huko New Zealand walishika njia kwa miguu, kijiji hadi kijiji, kuwasihi Wamaori wenzao, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wabadili namna ya kuishi. Mmoja wao, Maui Pomare, alihitimu udaktari Chicago mwaka 1899, wa kwanza katika watu wake, na 1901 akawa afisa wa afya wa Wamaori. Sensa ya 1896 ilikuwa imehesabu Wamaori kama 42,000 tu, na Wazungu wengi waliamini kabila hilo linaisha.

Nimeanza mbali kwa sababu siku hizi wanafunzi wa Kimaori wa udaktari wanasemwa kana kwamba wameanza siasa juzi. Chuo Kikuu cha Auckland kimewatengea nafasi wao na watu wa visiwa vya Pasifiki tangu 1972, kwa mpango uitwao MAPAS. Chuo Kikuu cha Otago nacho kina njia kama hiyo. Mwaka 2020 ulivuja waraka wa Otago uliojadili kuziwekea nafasi hizo kikomo. Mwishoni mwa 2023, vyama vya siasa vya National na ACT, vilipoungana kuunda serikali, viliafikiana kuichunguza mipango yote miwili kama inaleta matokeo yaliyokusudiwa. Wanafunzi, ambao wana chama chao kiitwacho Te Oranga, wamekuwa mstari wa mbele kuitetea.

Anayepinga nafasi hizo ana hoja. Mwaka wa kwanza wa sayansi ya afya ni mchujo mkali, na mzazi ambaye mwanawe amekosa nafasi kwa alama chache, huku wa alama za chini akipita, ana haki ya kuumia. Wapo pia Wamaori waliochoka kutazamwa kwa jicho la "huyu kabebwa". Hata hivyo, waliobebwa mlangoni hawabebwi ndani: mitihani ya kuhitimu ni ileile kwa wote.

Kinachoninyima usingizi ni hesabu moja. Kwa takwimu za 2017 hadi 2019, mwanamume wa Kimaori alitarajiwa kuishi miaka 73.4, asiye Mmaori, 80.9. Tofauti hiyo ya miaka saba na nusu ndiyo umri wa babu: wakati wa kusimama kwenye marae, uwanja wa mikutano wa ukoo, kuusemea ukoo, wa kumfundisha mjukuu maneno ambayo shule haina. Kila ukoo unapunguziwa miaka hiyo, kizazi baada ya kizazi. Madaktari peke yao hawawezi kuirudisha, maana nyumba baridi, kipato na sigara vimo pia. Lakini katika nchi ambayo Wamaori ni kama asilimia 17 ya watu, madaktari wa Kimaori ni karibu 5 tu katika kila 100.

Chukua mfano wa mto wa kitandani. Kwa Mmaori kichwa ni kitakatifu, na mto uliolaliwa kwa kichwa hauwekwi chini ya miguu wala haukaliwi. Muuguzi asiyejua anauchukua kuinulia mguu uliovimba. Bibi hasemi kitu. Kesho akiulizwa dalili zake anajibu kwa kifupi, na kliniki ijayo haji. Mwanafunzi aliyelelewa na bibi wa namna hiyo hahitaji mhadhara kuliona tatizo, na ndiye anayelifikisha kwa wenzake darasani.

Uongozi wa wasomi hao wa Kimaori nao hukosea. Pomare mwenyewe aliunga mkono sheria ya 1907 iliyowapiga marufuku tohunga, waganga wa jadi, na jeraha la sheria hiyo linakumbukwa hadi leo.

Hoja ya wapinzani inayonigusa zaidi ni ya uchovu. Kijana wa miaka 21 anaombwa afungue mkutano kwa sala ya Kimaori, akae kwenye kamati ya mitaala, amsahihishe profesa matamshi, kisha usiku arudi kwenye anatomia wakati wenzake walishaimaliza jioni. Akifeli, anaonekana hakustahili nafasi. Hapo nakubaliana nao kwamba mzigo umezidi, ila sioni sababu ya kumpunguza mbebaji. Chuo kiajiri wahadhiri wa Kimaori wa kutosha kufundisha mambo haya, na saa za kamati zilipwe kama kazi nyingine yoyote, ili kijana apate usiku wake wa kusoma.