Sabuni ya Molo

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule Molo, na kila akitushukia Kisumu hufungua mkoba kana kwamba anarudisha mahari ya dada yake kwa awamu. Safari hii alitoa vitu viwili, vyote jibini. Cha kwanza mozarela, laini, ikielea kwenye mfuko wa maji yake, kwa ajili ya pitsa ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya binti yetu. Cha pili kipande cha gouda: manjano, pembe nne, kigumu kiasi cha kumpiga nacho mwizi.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Ijumaa jioni transfoma ya mtaa ikalipuka, na kwa kuwa tunaishi karibu na Kondele, mtaa unaojulikana kwa ghasia za uchaguzi, kila mtu kwanza aliuliza nani ametangazwa mshindi. Kisha giza. Wanasema friji ikifungwa tu huhifadhi baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Yetu haikupata nafasi hiyo, maana watoto waliifungua kila baada ya muda kidogo kuhakikisha kwamba bado ina baridi.

Asubuhi stima haijarudi. Nikampigia Shemeji.

"Shem, usijisumbue bure! Huku kwetu jibini inalala mezani."

Kweli kwao inalala mezani. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ya kunawa uso asubuhi yanauma hadi kwenye meno. Sisi tuko mita 1,130 kando ya ziwa, na ilikuwa Februari, mwezi ambao siagi ya Kisumu haisubiri kisu.

Mama Watoto akamwita jirani yetu muuguzi, mama ambaye ukimuuliza swali la afya huacha hata chai yake. Alisimama jikoni mikono kiunoni, akainusa mozarela.

"Hii imekosa baridi tangu lini?"

"Jana jioni."

"Tupa."

"Lakini dada, si itaingia kwenye oveni?"

"Sikiliza. Jibini laini yenye maji maji ikikaa nje ya friji saa mbili, basi. Joto likipita nyuzi 32, ni saa moja. Kuna vijidudu vinavyoacha sumu. Vyenyewe utavichoma kwenye oveni, sumu yao ibaki palepale, halafu wageni wako wapange foleni kwenye choo kimoja, na mtaa hauna maji."

Mozarela ikazikwa chini ya mwembe bila hotuba. Watoto wa wageni wakala mandazi. Binti yetu alikula lake akiwa amenuna, akitazama oveni.

Gouda ndiyo ilimfurahisha muuguzi. Aliigonga kwa ukucha, ikaitika.

"Hii iacheni. Chumvi ipo, maji ni machache, vijidudu havina pa kustarehe. Waholanzi walikuwa wakivuka bahari na jibini za namna hii melini kabla friji haijavumbuliwa. Itatoa jasho la mafuta, pembe zitakauka, ladha itashuka kidogo, lakini haitamuua mtu. Mkiona ukungu, kateni sentimita mbili na nusu kuuzunguka, na kisu kisiuguse ukungu wenyewe. Iwekeni penye kivuli na upepo, stima ikirudi irudi kwenye friji."

Penye kivuli na upepo katika nyumba yetu ni mahali pamoja tu: dirishani, juu ya karo la kufulia. Mama Watoto akaiweka hapo juu ya kisahani, akaifunika kwa kitambaa.

Jioni ile akaingia Waya kutoka Ugunja, na jogoo mwekundu kwapani. Waya ni shangazi yangu, dada ya marehemu baba, na hajawahi kulala kwa watu kukapambazuka bila yeye kufua kitu.

Jumapili, kabla hata jogoo wake hajawika, nikasikia kusugua. Kwaruu, kwaruu. Nikatoka na nguo za kulalia. Waya alikuwa ameinama kwenye beseni na shati langu jeupe. Juu ya maji vinaelea vitone vya mafuta vinavyometameta, kwenye mshono wa kola chembe za manjano zimejipanga mstari, na mkononi mwake gouda ya Molo, pembe zake zote nne zimeviringika, na alama ya dole gumba katikati.

"Baba, sabuni zenu za mjini zimekuwaje? Nimesugua hii mpaka mkono unauma, povu hakuna."

"Waya, hiyo..."

"Tena inanuka maziwa. Nikasema labda ni ya mtoto. Lakini ya mtoto nayo si hutoa povu?"

Mama Watoto akachungulia, akaona, akarudi chumbani mbio. Nilisikia kicheko kikizimwa kwa mto. Mimi nilibaki pale. Humwambii dada ya baba yako, asubuhi ya Mungu, kwamba amefulia chakula. Nikamshukuru, nikamwambia sabuni ile imekaa sana.

Tatizo ni kwamba nilikuwa na zamu ya kusoma somo kanisani, na shati jeupe lilikuwa hilohilo. Lilipokauka nikawasha pasi ya makaa. Mgongo ulipita salama, mikono nayo salama. Pasi ilipogusa kola, gouda iliyojificha kwenye mshono ikaanza kuyeyuka, na harufu ikapita sebuleni ikafika chumba cha watoto. Binti yangu akatokea na sahani.

"Baba, pitsa imeiva?"

Kanisani nilisoma somo mbele ya waumini wote, na inzi wawili waliosikiliza kwa karibu zaidi.

Tuliporudi, muuguzi akaitwa tena kutoa hukumu. Aliigeuza ile jibini mara kadhaa.

"Jibini iliyokaa nje nilifundishwa," akasema. "Jibini iliyofua, hapana. Hapa shida si joto tena, jirani. Shida ni kola yako."

Akashauri tutupe. Mama Watoto akakataa. Mozarela ilikuwa bado inamuuma. Akachukua kisu akaanza kukata sentimita mbili na nusu kila upande, kana kwamba mimi ndiye ukungu, mpaka ikabaki saizi ya kiberiti. Waya alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga, akimtazama. Kisu kikasimama.

"Mnakata sabuni na kisu cha nyama?"

Ikabidi aambiwe. Mama Watoto akamweleza polepole, kwa heshima zote: ni maziwa, Waya, yamegandishwa yakakamuliwa maji, watu hula.

Waya akaangalia shati langu. Akaangalia kile kiberiti.

"Na huuzwa?"

"Huuzwa, Waya."

"Pesa ngapi?"

Mke wangu hajui kudanganya. Akamwambia kilo moja ni bei ya jogoo kama yule aliyetuletea, na chenji hakuna.

Waya alinyamaza kwa muda mrefu, akichambua mboga.

"Kwa bei hiyo," akasema, "ingetoa povu."