Mbuzi, Konokono na Avoka wa Nyumbani

Ukiwa na mtoto anayesomea udaktari, atakupima presha bure. Anayesomea ufundi atakutengenezea redio. Wa kwangu anasoma sheria, awe avoka, yaani wakili, na tangu aanze sina hata haki ya kukasirika ndani ya uwanja wangu hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo.

Mwaka wa kwanza ulianza na dola. Dola za masomo, dola za silabusi, na kila noti iwe nzima, maana Lubumbashi hii dola ikichanika kidogo pembeni hakuna anayeigusa. Mimi abiria wa teksibasi wananilipa faranga zilizolowa jasho, eti nizigeuze ziwe dola zilizonyooka! Na hizo silabusi nilidhani ni vitabu. Ni fotokopi zilizobanwa pini, bei yake mfuko wa unga.

Usiku umeme ukikatika anawasha tochi, anakariri Kilatini kwa sauti. Mama yake alidhani ameingia kanisa jipya.

Kisha zikaja artikle, vifungu vya sheria. Namwambia nenda ukachote maji. "Papa, artikle 28 ya Katiba: hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria." Katiba hiyo ni ya tarehe 18 Februari 2006. Amri ya kuchota maji katika uwanja huu ilianza zamani kuliko hapo. Akaongeza kwamba ana zaidi ya miaka 18, mbele ya sheria ni mtu mzima. Na mbele ya bukari, ugali wetu, je? Mbele ya bukari bado ni mtoto wa mama.

Siku moja nilimbeba garini, polisi wa barabarani wakatusimamisha kwa ajili ya taa moja ya nyuma. Taa moja! Jambo la kuongea taratibu, wanaume kwa wanaume. Avoka akashuka kabla yangu, akawaeleza artikle 30, uhuru wa kila mtu kuzunguka nchini. Yule polisi alimsikiliza kwa adabu sana, akamshukuru, halafu akaanza kuomba asiransi, yaani bima, vinyeti ya kodi ya gari na karatasi nyingine ambazo miaka yote hatujawahi kuzizungumzia. Mimi artikle yangu ni 15 tu, ile ya utani wetu, ya jitafutie, na siku ile haikutosha.

Lakini niseme ukweli, mwaka ule alinisaidia mara moja. Mbuzi wa jirani aliingia akala lengalenga, ule mchicha, yote ya mama watoto. Mtoto hakuinua hata kichwa: "Artikle 261, sheria ya tarehe 30 Julai 1888. Mwenye mnyama analipa anachoharibu mnyama wake." Basi. Mstari mmoja. Ni sheria ya wakati wa Leopold wa Pili, mfalme aliyemiliki Kongo nzima bila kuikanyaga hata siku moja, na bado inamjua mbuzi wa jirani yangu! Nikasema haya, dola zangu hazikupotea.

Ningemwacha hapo. Ikaja vakansi kubwa, likizo ndefu ya chuo, mjomba wake anayekaa Lusaka akamtafutia kozi ya wiki chache, Kiingereza pamoja na sheria. Eti huko Ulaya wanafunzi nao husafiri kwenda kusoma wakati wa jua. Wa kwangu, kwa kwenda kusoma wakati wa jua, aliomba koti, kwa sababu Julai yetu ni baridi na vumbi, na Zambia vilevile. Nikalipa pasipoti, nikalipa karte ya chanjo ya homa ya manjano, nikamfikisha Kasumbalesa, tukapita foleni ya malori ya shaba isiyo na mwisho. Akavuka.

Aliporudi, kwanza anavuka barabara akiangalia upande usiofaa, kwa sababu huko wanaendesha kushoto. Hilo nimemsamehe, ingawa mimi dereva linanitia aibu. La pili ndilo linaniua. Mbuzi amerudi kwenye lengalenga. Namwita: avoka, ile 261 yako! Anakaa, anavuka mguu, anasema, "Papa, inategemea."

Inategemea nini?

Akaniletea konokono. Mwaka 1928, mji wa Paisley, kule Uskoti, mama mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Amekunywa, anamiminiwa iliyobaki, anatoka konokono aliyeoza. Akamshtaki aliyetengeneza soda. Majaji wakubwa wa London walikata jambo hilo mwaka 1932, watatu upande huu, wawili upande ule, na jaji Atkin akasema lazima ujihadhari usimdhuru jirani yako. Huko, anasema, sheria nyingi inatoka kwenye kesi za zamani, na Zambia ilichukua sheria hiyo ya Waingereza, pamoja na sheria za bunge lao zilizokuwapo tarehe 17 Agosti 1911. Nikamuuliza, na huyo konokono nani alimwona? Akasema kumbe haikuthibitishwa kamwe kwamba alikuwamo kwenye chupa.

Sasa niambie. Mbuzi wangu nimemwona kwa macho yangu, jani bado liko mdomoni, na natulizwa kwa konokono ambaye hakuthibitishwa!

Nilikwenda kwa jirani mwenyewe, bila artikle. Akanipa karatasi. Binti yake naye ameandikishwa sheria, na amenijibu kwa Kifaransa, nakala kwa shefu wa rue, mkuu wa barabara yetu: anaomba nithibitishe kwamba mbuzi alikuwa wa kwao, na kwamba uzio wangu ulikuwa mzima. Nikampelekea avoka wangu ampasue. Akasoma mara mbili, akatabasamu. "Imeandikwa vizuri sana, papa."

Hilo ndilo jibu lote. Tangu hapo anasema majibu lazima apeleke mwenyewe, mkononi, jioni, na shati jeupe lipigwe pasi. Kuna artikle 361, kitabu cha familia cha 1987: kijana na familia yake lazima wapatane mahari na wazazi wa msichana. Hiyo sikufundishwa na mtu wa chuo. Na mama yake ameanza kuniuliza mbuzi siku hizi wanauzwa bei gani.