Pier 1 Imports: ni intaneti iliyoiua au mabosi wake wenyewe?

Mtajie Pier 1 Imports Mmarekani wa umri wa makamo, kitu cha kwanza kitakachomjia ni papasan, kile kiti cha duara cha henzirani chenye mto mmoja mnene ambacho ukishazama kunyanyuka ni shughuli. Hayo maduka ya mapambo ya nyumba yalidumu karibu miaka 60, yakafilisika Februari 2020, na toka hapo kuna maelezo mawili: wengine wanasema intaneti imewala, wengine wanasema wamejimaliza wenyewe. Mi niko na hawa wa pili, ila sio kwa sababu wanayoitoaga wao.

Historia yake ni tamu kidogo. San Francisco kulikuwa na jamaa anaitwa William Amthor ana duka la henzirani na bidhaa za nje, Cost Plus, akabanwa na hela, akamkopa Charles Tandy wa Fort Worth, Texas (huyo huyo aliyekuja kuinunua RadioShack, maduka ya vifaa vya elektroniki), na kwenye hilo dili Tandy akapata ruhusa ya kufungua maduka kama hayo sehemu nyingine. La kwanza likafunguliwa San Mateo, California, 1962. Katikati ya miaka ya 60 likaja jina la Pier 1 na wamiliki wapya, makao makuu yakawa Fort Worth. Wateja walikuwa vijana waliozaliwa baada ya vita kuu ya pili ya dunia, mahipi na wanaoiga mahipi, wanatafuta ubani, shanga, mishumaa, vikapu, vyombo vya shaba vya India, yaani vitu ambavyo mama zao wasingeviweka sebuleni hata kwa kulazimishwa. Nguvu ya kampuni ilikuwa hapo tu: vitu hivyo ulikuwa huvipati kwingine.

Sasa wanaolaumu intaneti wana hoja, tusiwadharau. Mwaka wa fedha ulioishia mwanzoni mwa 2007 Pier 1 ilikula hasara ya zaidi ya dola milioni 227. Akaletwa bosi mpya, Alex Smith, Mwingereza aliyetokea TJX, kampuni ya Marekani ya maduka ya bei nafuu, na kati ya vitu vya mwanzo alivyofanya ni kufunga katalogi na mauzo ya mtandaoni, yaani 2007, mwaka ule ule iPhone inatoka, mwenzetu anafunga duka la onlaini! Mauzo hayo hayakurudi mpaka 2012, na muda wote huo Amazon na kampuni iliyokuja kuitwa Wayfair, ya kuuza fenicha mtandaoni, wanazoesha watu kununua fenicha kwa kubofya. Ukiishia hapa kesi imekwisha.

Ila haijaisha, maana Smith alikuta kampuni inavuja kila upande na ilibidi akate kitu. Akafunga maduka yasiyolipa, 2008 likauzwa hata ghorofa la makao makuu, jipya kabisa, lina miaka kama minne tu, likaenda kwa kampuni ya gesi ya Chesapeake Energy kwa dola milioni 104. Hisa zilishaanguka chini ya dola moja wakati wa ule mdororo wa 2008 na 2009, lakini 2013 zikawa zimevuka dola 20, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokea wakati mtandaoni hawauzi kitu. Halafu waangalie HomeGoods, maduka ya mapambo ya nyumba ambayo ni ya TJX hao hao: wamefungua duka la mtandaoni 2021, wamelifunga 2023, na biashara yao inaenda vizuri tu kwa sababu mtu anaingia kuwinda, hajui leo atakuta nini. Kwahiyo kutouza onlaini peke yake hakuui duka la mapambo. Na Wayfair yenyewe inayosifiwa toka iingie soko la hisa 2014 ilikuwa inapata hasara kila mwaka, faida ya kwanza ya mwaka mzima imekuja 2020.

Kinachonishawishi zaidi ni ile Cost Plus ya Amthor, maana nayo iliendelea kivyake, leo inaitwa World Market. Asili moja, bidhaa zinafanana, intaneti ni hiyo hiyo, imeuzwa na kununuliwa huku na kule na bado ipo. Tofauti moja ninayoiona ni kwamba wao wanauza pia kahawa, divai, biskuti za nje, na mtu akija kununua biskuti anaondoka na mto wa kochi. Pier 1 ulikuwa unaenda pale unapohamia nyumba.

Kosa mi naliweka kwenye miaka mizuri, sio ile mibaya. Hela iliporudi, nyingi ikaenda kununua hisa zao wenyewe ili bei ipande, na 2014 wakachukua mkopo wa dola milioni 200 ambao kununua hisa ilikuwa moja ya matumizi yake. Wanahisa wa wakati ule walifurahi na huwezi kuwalaumu. Ila madukani huku bidhaa zimeshakuwa kama za kila mtu, kontena la kutoka Asia sasa linashuka kwa maduka makubwa kama Target na IKEA, tena kwa bei ya chini, basi mteja akufuate wewe kwa lipi? Ushuru wa Trump kwa bidhaa za China 2018 na 2019 ukaja kumkuta mgonjwa tayari: mwaka wa fedha ulioishia mapema 2019 hasara ilikaribia dola milioni 199. Januari 2020 wakatangaza kufunga mpaka maduka 450 kati ya 942, mwezi uliofuata wakaomba ulinzi wa mahakama, Mei wakaamua kuuza kila kitu. Jina likanunuliwa kwa dola milioni 31, yaani chini ya theluthi ya bei ya lile ghorofa.

Kuna wanaosema ni bahati mbaya tu, kwamba wangevumilia miezi michache wangelikuta lile wimbi la korona ambapo Wamarekani waliofungiwa majumbani walinunua fenicha kama hawana akili nzuri. Inawezekana, na mimi hiyo hoja ndo inanisumbua kuliko zote. Lakini ule mkopo wa 2014 ulikuwa unatakiwa ulipwe Aprili 2021.