Maili za Ndege na Likizo ya Ulaya Isiyopatikana

Ninakerwa sana na mashirika ya ndege yanayotuhimiza kukusanya maili, yaani pointi tunazopewa tukisafiri nayo ili baadaye tuzibadilishe kwa tiketi, mwaka baada ya mwaka, kisha tunapotaka kuzitumia kwenda Ulaya tunafungiwa mlango. Nilipotafuta viti vya kutoka Nairobi kwenda London wakati wa likizo ya watoto mwezi Agosti, kila tarehe kwenye kalenda ya maili ilikuwa ya kijivu, yaani haina nafasi, ilhali viti vya ndege zile zile viliendelea kuuzwa kwa wenye kulipa fedha. Kilichopatikana ni kiti kimoja tu, tena cha Novemba.

Ukibahatika kupata kiti, ukurasa wa malipo unakungoja na nyongeza ya mafuta, ambayo shirika lenyewe ndilo limeipanga, na ambayo kwa safari ndefu inaweza kukaribia nauli ya kawaida ukiijumlisha na kodi. Kodi ya abiria wanaoondoka Uingereza sina ugomvi nayo, kwa kuwa ni ya serikali, tena watoto wa chini ya miaka 16 wanaosafiri daraja la kawaida wamesamehewa. Nyongeza ya mafuta haimsamehi mtoto wala mzee.

Wakati huohuo, maili zinazosubiri hupoteza thamani, kwa sababu shirika linaweza kupandisha idadi inayohitajika wakati wowote, na mengine huzifuta kabisa muda wake ukipita. Mteja aliyejinyima ili azikusanye anastahili kuona nyongeza ya mafuta ikiandikwa palepale panapotangazwa idadi ya maili, kabla hajaomba ruhusa kazini.