Fizeau hakukosea umbali, alikosea giza

Vitabu vingi vya fizikia hulipitia mbiombio jaribio la Mfaransa Fizeau la kupima kasi ya mwanga: gurudumu, kioo, kanuni, jibu. Mwanafunzi anabaki akidhani kibarua kilikuwa kupima umbali. Hata kidogo. Kibarua kilikuwa kujua gurudumu linakimbia kiasi gani mwanga unapozimika.

Mwaka 1849 Hippolyte Fizeau aliweka gurudumu la meno 720 kule Suresnes, nje kidogo ya Paris, na kioo cha kurudisha mwanga kwenye kilima cha Montmartre, mita 8,633 kutoka hapo. Mwanga unapenya kwenye pengo, unakwenda, unarudi. Gurudumu likizunguka taratibu, unaukuta mlango bado wazi na jicho linaona nukta inayong'aa. Kasi ikipanda, jino linakuwa limeshafika mahali pa pengo na nukta inazimika. Zidisha umbali mara 4, mara idadi ya meno, mara mizunguko kwa sekunde, unapata kasi ya mwanga. Yeye alisoma mizunguko 12.6, ikatoka takriban km 313,000 kwa sekunde. Kwa thamani ya leo, km 299,792, giza lilipaswa kuja kwenye mizunguko 12.06.

Ukitaka kuulaumu umbali, itabidi useme aliukosea kwa mita 370 hivi. Haiingii akilini. Na meno ni ya kuhesabu tu.

Tatizo ni kwamba nukta haizimiki ghafla kama taa. Inafifia, inapotea, halafu inarudi polepole. Kwenye mizunguko 12.6 inapaswa kubaki na asilimia 4 na nusu hivi ya mng'ao wake wa kawaida. Kiasi hicho kinamezwa kirahisi na mwanga unaoakisiwa na meno yenyewe, na ule wa kioo kingine kilicholazwa digrii 45 mbele ya jicho, kinachoelekeza mwanga wa taa kwenye gurudumu. Kupaka meno masizi kunasaidia, lakini hakumalizi.

Dawa ni kutoridhika na giza la kwanza. Endelea kuongeza kasi: giza linarudi kwenye mara 3, mara 5, mara 7 ya kasi ile. Kosa la jicho halikui, kasi ndiyo inakua. Kupotoka kule kwa mizunguko 0.54 kwenye giza la 11, ambalo ni mara 21 ya kasi ile, yaani mizunguko 253, ni asilimia 0.2 tu. Mwanafizikia Mfaransa Alfred Cornu alifuata njia hiyo mwaka 1874, tena kwa umbali wa km 23 hivi, kutoka Paris hadi mnara wa Montlhéry, akapata km 300,400. Kwangu mimi, Cornu ndiye anayestahili kurasa nyingi zaidi vitabuni.

Anayetaka kulirudia jaribio hili leo asilifanyie ndani ya chumba. Kwa mita 10 na meno 720 utahitaji mizunguko 10,400 kwa sekunde, na hakuna gurudumu la karakana litakalobaki zima. Kwa kilomita moja ni 104, mota ndogo inaweza. Ila gurudumu la kipenyo cha sm 10 lina jino la upana wa mm 0.22. Lenzi isipoikusanya nukta ikawa ndogo kuliko hapo, jino haliizibi yote, na giza hutaliona hata uzungushe mpaka kesho.